Mti Tulioumwagilia Maji Waberi

Mgeni rasmi, Afisa wa Elimu uliyeacha kivuli cha ofisi ukaja kwenye vumbi letu, na wewe mwalimu wetu Salah, na wazazi wenzetu, assalaamu aleikum. Sisi akina mama wa nasari ya Nabad, hapa Waberi, tunakukaribisha. Anayesoma ni Fowsiya, mama yake Qali. Niliishia darasa la sita, kwa hivyo nikikwama, nivumilie.

Kuna maneno tuliyasikia mwezi wa pili mwaka huu wa 1996. Abiria walioshuka kwenye lori la Rhamu walisema mtoto wa huko ameharibika jicho kwa sababu ya tufaha la shule. Tulicheka. Rhamu wapate wapi tufaha? Lakini mimi maneno hayo hayakunitoka. Nikipika yapo, nikisali yapo. Na sikumwambia mtu.

TULIKOTOKA

Nasari hii tuliianza mwaka wa 1993, akina mama kumi na wanne, kwa mikeka na turubai. Mwaka jana ofisi yako ikatuletea picha ya ukutani, maisha ya mti wa tufaha. Ya kwanza mbegu, ya pili mche, ya tatu mti, ya nne maua, ya tano matunda, na msichana ameinua mkono anachuma.

TULIYOFANIKIWA

Watoto arobaini na mmoja wanazijua hatua zote tano kwa wimbo. Waulize hata sasa.

Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kushika tufaha. Wakamsumbua mwalimu: "Maalim, likoje? Maalim, ni kama nini?" Naye kwa nia njema akanyoosha kidole nje, kwenye mti wa booc karibu na ua. "Ni kama lile pale. Mviringo, kijani." Alitaka kufananisha tu. Watoto wakashika kwamba ndilo lenyewe.

Mgeni rasmi, pengine booc huijui. Ina majani mapana ya kijivu na matunda makubwa kama ngumi, ndani hewa na nyuzi. Ukiivunja popote yanatoka maziwa meupe. Mbuzi mwenye njaa huipita akaiacha.

Watoto wakaufanya mti wao. Kila asubuhi kila mmoja alibeba kikombe cha maji kutoka nyumbani, akakimimina kwenye shina. Maji hayo tuliyatoa sisi kwa mikono yetu, kiangazi hiki, punda wa maji akipita siku moja na kukosa siku mbili. Rukiyo muuza maziwa alituona akasema, "Nyinyi wanawake, mnanywesha booc? Kesho mtaikamua?" Tukamjibu, "Wewe uza maziwa yako, hii ni elimu."

Qali alikuwa akiniletea habari: "Hooyo, mti wetu umefika picha ya nne!" Nikampa kikombe kikubwa zaidi.

YALIYOTUPATA

Jumatano moja, baada ya maneno yale ya Rhamu, mti ulifika picha ya tano. Qali, wa miaka sita, aliinua mkono kama yule msichana, akavuta. Kikonyo kikakatika, maziwa yakamrukia jicho la kulia, naye akalisugua. Mwenzake Hani alikuwa ameshauma lake. Alivimba midomo, akatapika, sasa amepona, alhamdulillahi.

Mwalimu alikimbia kutafuta maji ya kumwosha jicho. Hayakuwepo. Vikombe vyote vilikuwa vimeshamiminwa kwenye shina, udongo ulikuwa bado umelowa.

Hospitalini muuguzi aliniuliza, "Mbona hamkumwosha pale pale, mama?" Ningemwambia maji tulinywesha nini?

Jicho hilo sasa lina ukungu. Akitaka kukuona anageuza shingo yote. Mwalimu hatumlaumu, aliacha kazi siku tatu kwa aibu, tukamfuata kwake tukamrudisha. Mti tumeukata mara mbili. Juzi nilimkuta Bile, mtoto wa jirani, amechuchumaa pale na kikombe. "Unafanya nini, wewe?" Akasema, "Eedo, mti umerudi picha ya pili."

MAOMBI

Boksi ulilokuja nalo tumeliona. Tumeambiwa ni picha zile zile, za nasari zote mpaka Bute. Tunashukuru, walaahi. Lakini tunaomba zikae humo humo mpaka ipatikane picha ya mpapai au mlimau wa mashamba yetu ya mtoni, mti ambao mtoto akiufuata mpaka picha ya mwisho, achume ale. Waandikie walimu wa Bute na Rhamu. Yule mtoto wa Rhamu pengine alikuwepo kweli.

Tunaomba pipa la maji lenye kifuniko. Na daktari wa macho akija mjini, jina la Qali liwemo. Mwakani anaingia darasa la kwanza, na akikaa mbali ubao hatauona.

Mungu akufikishe salama, akulindie macho ya watoto wako. Haya hapa tumeyaandika yabandikwe ukutani, pale ilipokuwa picha.

YA KUEPUKA

Usimwonyeshe mtoto mti mwingine ukamwambia ni kama huu wa picha.
Asichume tunda ambalo mbuzi hali.
Booc isivunjwe kwa mkono mtupu.
Maziwa yake yakiingia jichoni, usisugue. Osha, osha tena, kisha hospitali.
Usimimine maji yote. Bakisha.
Ukisikia uvumi juu ya mtoto wa mwenzako, usicheke. Na usikae nao peke yako.

Ni sisi,
Akina Mama wa Nasari ya Nabad, Waberi, Garissa.