Mama Hazikutosha Anaondoka Dirishani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, tarehe thelathini, mwenzetu wa ofisi ya udahili ya Kitivo cha Uhandisi atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Aliingia akiwa mpiga chapa, msichana mwembamba aliyeogopa simu. Anatoka akiwa ofisa udahili mwandamizi, na simu ndiyo inayomwogopa. Jina lake la kwenye faili wengi wenu hamlijui, na hata mhasibu hulitafuta kwanza. Chuo kizima, toka mlinzi wa geti hadi makamu mkuu, humwita Mama Hazikutosha.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nimekaa naye chumba kimoja miaka mingi, nikimwita dada naye akiniita bwana mdogo hata baada ya kuota mvi, kwa hiyo vichekesho sikosi. Lakini dada huyu ninamjua. Nikiandika vichekesho vitupu nitakuwa nimemwandika mtu mwingine.

Tuanze na jina. Dirisha letu linatazama ukumbi mrefu wenye mabenchi na feni inayolalamika. Kila mwaka majibu ya udahili yakitoka, ukumbi ule hujaa watoto waliobaki nje, pamoja na wazazi wao. Wengine huja kuuliza, wengine kubisha, wengine kulia tu mahali penye watu. Kila aliyefika dirishani alisikia maneno yale yale, kwa sauti isiyo na haraka: “Wewe umetosha. Nafasi ndizo hazikutosha.”

Msidhani yalikuwa maneno ya kubembeleza. Ilikuwa hesabu. Huko nje watu wanaamini kwamba sisi tumekaa na ungo, tunapepeta werevu na kumwaga pumba. Kila mwaka gazeti huandika kwamba walioomba uhandisi ni maelfu kwa maelfu na walioingia ni wachache, na wakubwa wetu hulikata gazeti hilo wakalibandika ubaoni. Mama Hazikutosha alikuwa akipita pale ubaoni anatikisa kichwa. Katika maelfu hayo, alitufundisha, wamo ambao fizikia hawakuisoma, wamo walioandika kozi yetu chaguo la mwisho ili kujaza mstari, na yumo mtoto aliyeomba idara zetu zote akahesabiwa kila alikoomba kama mtu mpya. Waondoe wote hao. Wanaobaki ndio waliokuwa wakimkosesha raha: watoto wenye sifa zote, ambao wangeusoma uhandisi na kuumaliza, na bado ni wengi kuliko viti mara tatu au mara nne.

Viti navyo vinatoka karakana. Meza ya umeme inachukua wanafunzi wanne, wa tano ataishia kuchungulia mabega ya wenzake, basi idadi ya meza ndiyo inayoamua. Ile alama ya mwisho ya kuingia, inayotajwa mitaani kama kipimo cha akili, ni alama ya mtoto aliyewahi kiti cha mwisho na si zaidi. Kuna mwaka paa la karakana ya umeme lilivuja, nusu ya meza zikatolewa, na alama ya mwisho ikapanda ghafla. Watu wakasema chuo siku hizi kimekuwa makini. Kumbe ni mvua. Mkuu wa kitivo wa wakati ule alisimama kikaoni kujisifu kwamba sasa tunachuja kuliko wenzetu wote, na Mama Hazikutosha akanong'ona, kwa mnong'ono wake unaofika mlangoni, kwamba chungu kidogo hakiwi kitamu kwa sababu wageni wamelala njaa. Mkuu aliendelea na ajenda iliyofuata.

Vituko vya dirishani havina mwisho. Alikuja baba mmoja kueleza kwamba mwanawe ni mhandisi wa kuzaliwa, maana alikuwa darasa la nne tu alipofumua redio ya nyumbani ikabaki vipande. Mama akamuuliza kama aliirudishia. Baba akafikiri, akajibu kwamba hapo ndipo wanapoomba chuo kisaidie.

Walikuja pia watu wa salamu. Mnawajua. Mtu amevaa suti, anainama dirishani, anasema kwa sauti ya chini kwamba mzee fulani anakusalimu sana, halafu anasukuma jina la kijana. Mama Hazikutosha alikuwa akiitikia salamu kwa furaha kubwa, akiuliza hali ya mzee, miguu ya mzee, wajukuu wa mzee, kisha akimwomba mjumbe azirudishe salamu zote kama zilivyokuja. Jina la kijana halikuguswa. Mjumbe aliondoka na salamu nyingi kuliko alizoleta.

Na fundi wetu wa mitandao hatamsahau. Udahili ulipohamia kwenye kompyuta, mashine iliwajibu wote waliokosa kwa sentensi moja: hukukidhi vigezo. Mama aliiona, akavua miwani, akapanda ghorofa ya tatu na magoti yake mabovu. Fundi akamweleza kwamba sentensi fupi ni rahisi, na kwamba aliyekosa amekosa. Dada alivuta kiti akaketi, akasema hana haraka, ana miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Alikaa pale hadi ujumbe ukabadilika. Tangu siku hiyo mwenye sifa aliyekosa kiti husoma kwamba amekidhi vigezo ila nafasi hazikutosha, na asiyekuwa na sifa huambiwa ni sifa ipi. Fundi huyu ndiye atakayekuwa mshereheshaji wetu, na amesema atalipa kisasi kwenye kipaza sauti.

Sasa nifike ninapopaogopa.

Mama Hazikutosha ana mtoto mmoja, wa kike. Ofisi nzima tulimlea. Akitoka shule alikuja kukaa nyuma ya mama yake, akifanya hesabu juu ya boksi la karatasi, akiyasikia maneno ya dirishani kila msimu hadi akawa anayatamka kimyakimya pamoja naye. Siku fundi wa umeme alipokuja kutengeneza ile feni, binti alimshikia ngazi akamuuliza maswali mfululizo, mpaka fundi akaomba apumzike anywe chai. Hakutaka kitu kingine ila uhandisi wa umeme.

Mwaka wake wa kuomba ndio uliokuwa mwaka wa paa.

Alikuwa na sifa zote. Kwa alama zile, mwaka uliotangulia angeingia akitembea. Mwaka ule aliwekwa kwenye akiba, wale wanaongojea kwamba aliyechaguliwa asiporipoti, kiti chake kishuke kwa anayefuata. Viti vikashuka, foleni ikasogea, hadi siku ya mwisho kikabaki kiti kimoja na mbele ya binti akabaki mtoto mmoja wa watu, wa mbali, aliyetuachia namba ya simu ya duka la jirani yao. Simu ile ilikuwa haipokelewi. Msajili wa wakati ule, mtu mwema kwa kweli, alikuja hadi mezani kwa dada akamwambia kwamba asiyepokea simu ni kama hayupo, amwandike binti yake, na hakuna atakayeuliza. Dada akamshukuru, akaendelea kupiga. Kutwa nzima tulikaa tukiisikiliza simu ikiita huko iliko. Karibu na muda wa kufunga, mwenye duka akapokea, akamtuma mtu kumwita yule mtoto, na kiti kikaenda kwake. Hajui lolote la siku hiyo, na wala hana kosa.

Mimi ningemwandika binti yangu. Nilimwambia hivyo siku ile, na sijabadili mawazo.

Jioni dada alirudi nyumbani akamkuta binti amesimama mlangoni. Jibu alikuwa nalo, alikuwa amewapa watoto wa wenzake kwa miaka, angeweza kulitoa akiwa usingizini. Lakini alipofungua mdomo likamkwama. Nafasi ilikuwapo. Aliishika mwenyewe toka asubuhi, akaiachia. Kumtazama mwanawe machoni na kumwambia kwamba nafasi hazikutosha aliona ni uongo, naye uongo haujui. Basi akasema lililobaki.

“Hukutosha, mwanangu.”

Hicho ndicho chote alichosema. Ukiyatazama kwa jicho, maneno haya mawili ni ndugu, hazikutosha na hukutosha, yanaachana mwanzoni tu. Lakini la kwanza linapunguza viti, la pili linampunguza mtoto. Na kati ya watu wote duniani, aliyeambiwa ndiye aliyekulia nyuma ya dirisha lile.

“Watoto wa watu wote wametosha,” binti alijibu. “Kasoro mimi.”

Mama alidhani hasira zitapoa, kama za vijana zinavyopoa. Binti akaenda kukaa kwa mama yake mdogo, mji mwingine, akajifunza ufundi wa majenereta, na leo ana karakana yake na wateja wanamsifu. Hakurudi kuishi. Baba yake alipofariki alikuja, akaketi mkekani kando ya mama yake, akamwamkia, akamuuliza kama amekula, akamfunika mabega kwa kanga, na baada ya maziko akaaga vizuri. Dada anasema afadhali angemtukana. Adabu ile ilikuwa ya mgeni.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye amejaribu kuyazoa kwa viganja. Amepiga simu na kueleza habari ya kiti, ya duka, ya msajili. Binti husikiliza, husema ameelewa, huuliza hali ya presha. Naamini ameelewa kweli, ila kuelewa hakujaondoa kitu. Sasa mnajua dada alipandia nini ghorofa ya tatu na magoti yale. Jina la utani tulilompa kwa kucheka alilipokea bila kununa, akaliitikia kila siku, na ni juzi tu nimejua kwamba kila tulipomwita tulikuwa tunamkumbusha neno aliloshindwa kulisema nyumbani kwake. Inaniuma kwamba alituachia tucheke.

Kabla ya kupeleka wasifu huu kwa mchapaji nilimpa ausome, nikamwambia afute asilolitaka. Alifuta “mchapakazi” na “mfano wa kuigwa.” Habari ya binti hakuigusa. Nilimuuliza kama ana hakika, maana itasomwa na chuo kizima.

“Iache,” alisema. “Huenda akaisoma.”

Wiki iliyopita nilimpigia binti kumwalika. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ile feni bado inalalamika, nikamwambia inalalamika. Tukacheka kidogo. Kisha akauliza, “Na nafasi zitatosha?” Sikuweza kujua kama ulikuwa utani au kisu. Nikasema zitatosha. Akasema ataona. Nilipomweleza dada, alitaka nirudie swali lile kwa sauti aliyotumia binti, nikajaribu, sikuipata. Akachukua ufunguo wa ukumbi akatoka peke yake.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kitivo, tunakushukuru, dada. Wapo wengi waliotoka mbele ya dirisha lako bila kiti lakini wakiwa wameinua vichwa, wakaenda kufanya mengine maishani. Hawakujui jina, nao ni wengi kuliko wote tuliowadahili. Tunakutakia pumziko jema, magoti yasiyouma, asubuhi zisizo na foleni, na ile hodi unayoingojea mlangoni kwako.

Tangazo la mwisho kwa wageni waalikwa. Mkiingia ukumbini mtaona kiti kimoja mstari wa mbele, upande wa dirisha, kimefunikwa kanga. Dada amekiweka mwenyewe. Viti ni vichache na wengine mtalazimika kusimama, lakini tunawaomba hata sherehe ikianza, hata ikikaribia kwisha, mtu asikikalie. Kina mwenyewe.