Kiti cha Rais na Mlango wa Nyuma

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Mkuu wa Itifaki, marubani na mafundi wenzangu, ndugu wageni mliokuja kumuaga Dada Burulcha Asanalieva: nawasalimu kwa ngazi hiyo ya vyeo, ingawa kwa haki ningeanza na yeye anayestaafu.

Kamati ya kuchagua ndege ya Rais ilikuwa na ndege mbili mbele yake. Moja kubwa, ya kupendeza, lakini ilitaka kiwanja kirefu, na viwanja vya namna hiyo nchini mwetu ni viwili tu. Nyingine ndogo, ya panga boi, inayotua hata kwenye changarawe. Je, Rais wa nchi ya milima aijue njia ya Paris, asiijue ya kijijini Kara-Too?

Dada Burulcha, aliyepewa kazi ya kupanga sehemu ya ndani ya ndege, alishikilia ile ndogo. Ilikaribia kumponyoka kwa sababu ya kiti.

Desturi yetu mnaijua: mwenye heshima hukaa mbali kabisa na mlango. Mlango wa abiria ulikuwa mbele, basi Mkuu wa Itifaki, Mzee Toktosun, akaagiza kiti cha Rais kiwekwe mkiani. Dada akakataa, kwa kuwa mkia ndio unaoyumba zaidi.

"Unataka akae mlangoni, kama mchunga kondoo aliyechelewa chakula?"

"Mzee wangu, akitapika mbele ya mabalozi, heshima tutaiokota wapi?"

"Basi tuchukue ile kubwa. Ina chumba chake."

Dada hakubishana tena. Tarehe tisa Mei alimkaribisha mzee aketi mkiani mwa ile ndogo, tukavuka milima. Nilirusha mimi, na ule upepo sikuuagiza. Tulipotua, mzee alishuka ameishika kofia yake ya sufu kwa mikono miwili, na kilichokuwamo sitakitaja. Anacheka pale; ruhusa ninayo.

Sasa, mkiani pana mlango wa pili, tuliokuwa tumeuachia mizigo. Dada akamwambia, "Mzee, desturi haina kosa. Tulikosea mlango." Akaufanya huo kuwa wa wageni, ule wa mbele ukabaki wa marubani. Jiko na mitambo ya mawasiliano akavificha nyuma ya ukuta upande wa mbele. Kiti kikakaa kwenye ukuta huo, usawa wa mabawa, mahali patulivu kuliko pote na mbali kuliko pote na mlango. Mzee akapima kwa hatua zake mwenyewe, kisha akaipitisha ndege ndogo.

Wiki iliyopita tuliijaribu ndege hiyo huko Kara-Too. Mama mmoja alisogeza farasi wake kutoka kiwanjani, akauliza, "Rais yuko wapi?"

"Anakuja Jumamosi, mama," akajibu Dada.

"Hayo nayasikia tangu nikiwa msichana."

"Wakati huo hapakuwa na ndege ya kutua hapa."

Mama akayatazama magurudumu, yamejaa vumbi la kwao. "Haya," akasema. "Ijumaa nitachinja kondoo."

Dada Burulcha, Jumamosi utasafiri nasi ukiwa abiria, na kazi yako itatubeba sote. Tunakushukuru. Nanyi nyote, ahsanteni kwa masikio yenu na subira yenu.