Odur Olweny na Laptopu Zilizokataa Kuamka (1979–2018)

Ndugu, jamaa na majirani wa Nateete, huyu tunayemsindikiza leo ni Sipriano Odur Olweny, fundi wa kompyuta, mume wa Emérence na baba wa Ajok. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Concy, ambaye anaomba radhi mapema sauti ikimkatika.

Marehemu alizaliwa Lira tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu Sajini Okullo na Mama Joska, ambaye yupo hapa mbele. Vita vilipokwisha baba yao aliingia polisi, na mwaka 1988 familia ikahamia kambini hapa Kampala. Uani kulikuwa na watoto wa kila kabila na kila dini, wote wakigombana kwa Kiswahili, na Odur akakishika upesi kwa sababu ya kugombana huko.

Alisoma shule ya msingi karibu na kambi, akaendelea na sekondari, na mwaka 2001 akapata diploma ya elektroniki. Akiwa darasa la sita alifungua redio ya jirani yao, koplo mmoja mkali, akaifunga tena ikawa inaimba vizuri kuliko zamani. Lakini skrubu moja ilibaki mkononi. Mama alimwambia airudishe redio hivyo hivyo, nani atajua. Odur akakataa katakata, akaifungua upya, akashinda nayo hadi skrubu ikapata mahali pake. Koplo alimchapa kwa kuchelewa.

Mwaka 2002 alifungua kibanda cha ufundi Nateete, ghorofa ya juu, upande wa stendi ya teksi. Chumba cha pili kilikuwa na fundi cherehani kutoka Bukavu, Emérence. Cherehani yake ilikuwa nzima kabisa, ila Odur alikwenda kuisikiliza mara tatu kwa wiki moja, akidai mota ina mlio. Wote tulijua mlio ulikuwa wapi. Walifunga ndoa kanisani, kilimani Lubaga, Jumamosi tarehe 12 Agosti 2006, na mwaka uliofuata Mungu akawapa Ajok.

Januari 2018 shule moja ya wakunga ilimletea laptopu thelathini na mbili zilizokwisha kutumika. Zilifanya kazi vizuri mpaka mtu afunge kifuniko. Akifungua tena, kioo cheusi, kibodi imekufa, na kazi yote ambayo mwanafunzi hakuihifadhi imepotea. Wanafunzi walikuwa na ripoti za mwisho za kuandika kabla ya Juni. Mafundi wengine walisema badilisha vioo. Odur alisema kioo hakina kosa. Kosa limo ndani ya kiini cha mfumo, ile sehemu ya chini kabisa inayozungumza na vifaa kupitia viendeshi, yaani programu ndogo za kuendesha kila kifaa. Kiini cha zamani kililaza laptopu na kuiamsha. Kiini kipya kiliilaza, basi. Kati ya viini hivyo viwili, watu wa nchi mbalimbali walikuwa wameingiza mabadiliko zaidi ya elfu nane, na kosa lilikuwa ndani ya badiliko moja.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu 2011. Kufikia Februari mwaka huu ulikuwa umefika kwenye figo, akasafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, na macho yakazimika kiasi kwamba herufi za kioo hakuziona tena. Daktari alimwambia apumzike. Odur akamwomba Emérence asogeze cherehani, akae kwenye kibodi, huku Odur akimtajia la kuandika.

Njia yao ilikuwa kukata nusu. Walichukua kiini cha katikati ya mabadiliko hayo, wakakijenga kutwa nzima, wakafunga kifuniko na kukifungua. Laptopu ikiamka, kosa limo katika nusu ya baadaye. Isipoamka, limo katika nusu ya kabla. Kisha wanakata tena. Vipimo kumi na vitatu vingetosha. Katika daftari Emérence aliandika herufi moja kwa kila kipimo: R kama laptopu imerudi, L kama imelala moja kwa moja. Sasa, tuseme ukweli, shemeji yetu na herufi hizo mbili hawajawahi kupatana. Ndiyo maana Odur akawa anamsaidia: “Andika L, Mama Ajok. L ya Lubaga.”

Walianza Machi 5. Kipimo cha nne laptopu ililala. Tisa vilivyofuata vyote vikalala, na mwishoni badiliko lililoshtakiwa likawa la mtu aliyesahihisha tahajia ya neno katika maelezo. Neno ambalo mashine hata hailisomi! Odur akamwambia mkewe amsomee daftari tangu mwanzo.

“Ya ine, R,” alisoma Emérence kwa Kiswahili chake cha Bukavu, alipofika kipimo cha nne.

“R? Mimi nilisema L ya Lubaga.”

“Njo nikaandika ya Rubaga. Kwa cheti yetu ya ndoa iko na R, Papa Ajok.”

Cheti kililetwa, na kweli kimeandikwa R. Mlima mmoja, majina mawili, na watu wa hapa hutumia yote mawili bila kuona tabu. Odur alicheka mpaka akapaliwa. Emérence hakucheka. Alijua kwamba kwa R ile moja walikuwa wametafuta katika nusu isiyo na kosa, siku tisa za kazi za mtu mgonjwa zimekwenda, na alijua aliyeziandika vibaya ni nani.

Walirudi kipimo cha nne wakaanza upya. Aprili 26 badiliko lenyewe likapatikana: mtu alikuwa amepanga upya mistari miwili, kiendeshi kikawa kinaiamsha kibodi kabla umeme haujaifikia, na kwa kuingojea ijibu, laptopu nzima ikakwama. Kesho yake Odur alitaja ripoti neno kwa neno, Emérence akaandika, wakaituma kwa watunzaji wa kiini ng'ambo. Mei 10 alilazwa. Kiraka, yaani marekebisho ya kosa hilo, kilifika kutoka kwao Mei 16. Emérence alikijenga peke yake, na asubuhi ya Ijumaa Mei 18 alifunga kifuniko, akafungua, kioo kikawaka. Alipanda boda kwenda hospitali na laptopu kifuani.

Concy alikuwa wodini. Kaka yake alikata roho saa nne na dakika kumi. Emérence aliingia saa nne na nusu. Hakulia kwanza. Aliweka laptopu kando ya mto, akafunga kifuniko, akafungua, ikaamka, akamwambia, “Papa Ajok, imerudi.” Ndipo muuguzi akamshika.

Tangu siku hiyo shemeji yetu halali wala hali, anahesabu zile siku tisa tu. Na juzi alimweleza Concy jambo ambalo familia imeona lisemwe hapa. Odur alipotaja ripoti, mwishoni alitaja majina mawili. Emérence aliandika moja. Aliona aibu kuweka lake, na mumewe hakuwa na macho ya kumkamata. Concy aliwaandikia wale watunzaji wa ng'ambo kuomba jina la pili liongezwe, mmoja wao akajibu kwa upole kwamba ripoti na kiraka vimekwisha kuhifadhiwa, na kilichohifadhiwa humo hakibadilishwi tena.

Marehemu ameacha mama yake, Joska. Dada mmoja, Concy. Binti mmoja, Ajok, mwenye miaka kumi na moja. Na mjane, Emérence, ambaye wiki hii atarudisha laptopu zote thelathini na mbili kwa wakunga zikiwa zinaamka.

Tunamwombea Odur apumzike mahali pasipo sindano wala giza la macho, na Mungu aliyempa subira ampokee. Lakini kabla jeneza halijainuliwa kwenda Lira, Emérence, tafadhali simama. Hii ndiyo sentensi ya mwisho ya ripoti ya mumeo, kama alivyoitaja yeye, si kama ulivyoiandika wewe: “Kosa hili limetafutwa na kupatikana na Odur Olweny na mke wake, Emérence.”