Matanga ya Mgeni Aliyekuja Kupumzika

Mgeni rasmi, Mama Emiliana, ofisa wetu wa utalii. Viongozi wa kijiji. Wazee wetu, shikamooni.

UKARIBISHO

Sisi wanakikundi wa Vibanda vya Mwambani, hapa Kihagara, tumefurahi mno kukuona. Pole kwa jana, gari lilipogoma kule juu ukashuka kwa miguu.

HISTORIA

Vibanda vyetu ni sita, vya matete na nyasi, milango yote inatazama ziwa. Umeme hakuna. Tulivijenga baada ya kuambiwa wako watu wa mjini wanaosafiri mbali ili wakakae kimya. Hatukuamini, lakini tulijenga.

MAFANIKIO

Wageni wanakuja, na sifa ni za mpishi wetu, Bi Winifrida. Mbasa wake wa kuchoma, samaki wa ziwa hili, amewafanya wengi waongeze siku.

CHANGAMOTO

Mwezi wa nane alikuja Bwana Steven, peke yake, kwa siku nne. Tangu asubuhi alikaa mchangani ameshika tama, simu kaizima, chai kairudisha. Bi Winifrida akamtazama kutoka jikoni, roho ikamuuma. Kwa tulivyolelewa, mtu mzima haachi kwake akajitenga namna ile kama hajafiwa. Akawaita akina mama wa jumuiya. Saa kumi wakafika kumi na wanne, kuni vichwani, na unga na mikeka, wakakaa mlangoni pake wakaanza nyimbo za kanisani.

Bwana Steven alitoka na taulo, akaeleza kwamba hajafiwa, amekuja kupumzika tu. Wakazidi kumpa pole, maana wanajua msiba mzito huanza kwa mfiwa kuukana.

Akapiga simu ofisini kwako, ikaja barua ya kumwondoa Bi Winifrida jikoni. Tulitii. Sasa anapika Ignatio, na hatutaeleza zaidi kwa kuwa mchana utakula. Bi Winifrida yuko nyumbani wiki ya sita. Akienda kisimani anapita njia ya juu ili asituone, na sisi inatuuma sana.

MAOMBI

Tuna moja tu: arudi. Siku ya pili Bwana Steven mwenyewe alikaa mkekani akala nao, na siku ya kuondoka aliandika kwenye kitabu cha wageni: "Sijafiwa, naomba ieleweke. Ila miaka mingi hakuna aliyeniuliza nina nini. Mpishi asiondolewe."

Mgeni rasmi, jana jioni nawe ulikaa juu ya mwamba peke yako, umeshika tama. Bi Winifrida alikuona kutoka njia ya juu. Tumemkataza asiwaite wenzake, lakini wale akina mama wenye kuni wanaoshuka kilimani hawamo kwenye ratiba yetu. Barua ya kumrudisha iko mezani na kalamu yake. Ukisaini sasa, watakupikia. Ukichelewa, watakulilia.

Mungu akulinde njiani, na akujalie usikose wa kukuuliza una nini.

Ni sisi,
Kikundi cha Vibanda vya Mwambani, Kihagara.