Mtaa wa Mabanda wa Mita Mbili na Nusu

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea Alhamisi ile ni kwamba Mama Mwanne, muuza kahawa, alimimina kahawa na Suud akapokea kikombe chake. Kijiwe chao kilikuwa barabara ya kumi na nne, Buyenzi, mbele ya gereji ya Muadh: viti viwili vya nyuma vya Peugeot zilizokwisha kukatwa vipuri, vimeunganishwa kuwa kimoja na kufungwa kwa waya juu ya ringi mbili zilizolazwa. Hapo waliketi watu wanne wale wale kila siku baada ya swala ya adhuhuri. Muadh, mwenye gereji, aliitwa Ambrayaji, yaani klachi, kwa kuwa kila hoja ilimteleza mara mbili kabla ya kushika. Bahizire, fundi cherehani aliyekimbia Uvira, aliitwa Avoka, yaani wakili. Aliwahi kutoa ushahidi mahakamani mara moja, na tangu siku hiyo hakutoka mahakamani. Mawazo, muuza betri, alikuwa Meteo, yaani utabiri wa hewa, maana habari za redio zikipita kinywani mwake huongezeka mvua. Wa nne ni Suud, aliyefundisha hesabu miaka kumi na tisa mpaka shule yake ikageuzwa kambi ya waliokimbia vita. Sasa alikuwa akiuza nati na bolti kwa kilo. Yeye walimwita Mwalimu tu. Alikuwa mgane, na mgane hawakuthubutu kumtafutia jina la utani.

Suud akaweka kikombe chini, akatoa karatasi mfukoni, akasema kwamba kesho asubuhi anaondoka kwenda Nairobi kwa mwaka mzima, ikiwa wao watatu watamtilia sahihi kabla ya alasiri.

Aliwaeleza kwa utaratibu, kama anayeandika ubaoni. Kuna shirika linaitwa Mkono wa Jirani. Linafanya kazi huko Nairobi, katika mtaa wa mabanda ambao vichochoro vyake ni vyembamba, gari haliingii. Mgonjwa hutolewa kwa mkokoteni mpaka barabara kuu. Wanaojitolea kusukuma hupewa chakula na kitanda, mshahara hakuna. Dada mmoja, Irène, amekuja Bujumbura kuchukua watu wanne, na watatu amekwisha kuwapata. Sharti ni moja: anayejitolea awe mwenyewe mkaaji wa mtaa wa mabanda, kwa sababu mtu wa namna hiyo hafiki huko akaanza kushangaa. Majirani watatu wathibitishe kwa maandishi. Irène atapita alasiri. Basi la Kigali linatoka kesho saa mbili, nyuma ya msafara wa askari, na halimngoji mtu.

Alitarajia wamuulize kwa nini anakwenda. Hawakumuuliza.

—Huo mutaa wa mabanda unaokaa wewe uko wapi? akasema Ambrayaji.

—Ni hapa.

—Hapa wapi?

—Buyenzi.

Ambrayaji akasimama, akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba anataka kumshika mtu shati bila kulichafua. Alitaka kujua tangu lini mtaa wa mabanda ukawa na barabara zenye namba, moja mpaka ishirini na tano, na hakuna hata moja iliyoruka zamu. Mtaa wa mabanda una vichochoro vilivyopinda. Buyenzi imenyooka kama rula.

—Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, akamalizia. Hizi zetu ni ndefu. Mi siweki sinye yangu kwa uongo.

Suud alijibu kwamba maji yanatoka siku mbili kwa wiki, na kwamba choo cha nyua nne ni kimoja. Ambrayaji akasema huo ni ujirani mwema.

Meteo yeye alikuwa na taarifa. Alisema amesikia redioni, ingawa hakukumbuka redio gani, kwamba Nairobi wamewasaidia maskini wao miaka mingi, kidogo kidogo, mpaka wamewamaliza. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Sasa mashirika yamebaki na ofisi na magari meupe na hakuna wa kusaidia, kwa hiyo wanaagiza maskini kutoka nje kama watu wanavyoagiza vitenge. Mwalimu atafika kule kusukuma mkokoteni, na siku ya pili atajikuta amelazwa ndani yake.

—Na anayemusukuma ni nani? aliuliza Mama Mwanne.

—Mwingine wa kutoka Burundi.

Avoka aliwaacha waseme, kama afanyavyo kila siku, ili hukumu itoke kwake. Yeye hakuona tatizo kwenye mtaa. Aliliona kwenye kazi. Mtu anayefanya kazi bure katika nchi ya kigeni, kisheria, ni mfungwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanampa mkokoteni siku ya kwanza, tena bila kesi. Akamgeukia Suud akamtaka aeleze mbele ya mashahidi kosa alilotenda.

—Sina kosa, Avoka. Nataka sahihi tatu.

Ni kweli alizitaka. Miezi kumi na minne tangu Nura, mkewe, afariki alikuwa ameketi kwenye kiti hiki kila mchana, kati ya watu hawa, na alikuwa amepima akaona kwamba mwaka mwingine hautawezekana. Lakini hayo hayakuwa ya kusemwa kijiweni. Akatazama kivuli cha gereji, ambacho kilikuwa kimekwisha kufika kwenye jiko la kahawa. Zilibaki kama saa mbili.

Kwa kuwa hawakuweza kukubaliana kwa hoja, walihamia kwenye vipimo. Meteo alisema wataalamu hupima mabanda kwa mapaa: mtu mzima akiweza kuruka kutoka paa moja hadi la pili bila kupiga shahada, huo ni mtaa wa mabanda. Ambrayaji alipinga, kisha akaleta ngazi. Meteo akapanda juu ya gereji, akatazama paa la Mama Mwanne ng'ambo ya kichochoro, akavua viatu, akakaa huko juu muda mrefu. Walimsikia akipiga shahada. Halafu akashuka kwa ngazi ile ile, akasema matokeo yanaelekea kuwa Buyenzi si mabanda, ila kwa mtu mwenye miguu mirefu ingekuwa mabanda.

Wakajaribu kumhamisha Suud. Aandikwe mkaaji wa Kanyosha, Meteo akapendekeza. Lakini Kanyosha kuna mashamba, na Avoka akakataa kuapa kwamba mtu mwenye muhogo mlangoni ni mtu wa mabanda. Aandikwe wa mtaa wa viwanda, kule kwenye maghala; lakini kule halali mtu, na mabanda bila watu ni takataka tu. Suud alisahihisha kwamba analala hapa, barabara ya kumi na nne, nyumba ya saba, na kwamba karatasi inataka ukweli.

Ndipo Avoka alipoona njia. Karatasi haikusema mtaa uwe mkubwa kiasi gani. Kwa nini waivunjie heshima Buyenzi nzima, wakati wanaweza kutangaza kwamba kijiwe hiki, peke yake, ni mtaa wa mabanda? Kuta hakuna, paa hakuna, maji hakuna, umeme hakuna. Wakaaji wanne, na wote wamekalia waya.

—Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, alisema. Hii hatulali, kwa hiyo ila zake tunazijua zote.

Hapo Ambrayaji alishika. Akaleta utepe wa kupimia, wakapima kiti kutoka ncha hadi ncha. Suud akasoma: mita mbili na sentimita arobaini. Avoka aliamuru iandikwe mbili na nusu, maana mitaa ya namna hii hukua haraka. Kisha ikazuka shida ya mipaka. Mama Mwanne alisema jiko lake lisiingizwe. Yeye analipa ushuru wa soko kila wiki na hawezi kuamka asubuhi akajikuta maskini kwa sababu ya ringi mbili. Wakachora mstari kwa mkaa kati ya kiti na jiko. Mteja aliyekuja kununua kahawa alisimamishwa na Meteo, akaulizwa anatoka mtaa gani na atakaa kwa muda gani. Halafu ikabidi pawe na shefu, yaani mkuu wa mtaa, na Ambrayaji na Avoka wakagombea, na kura zikawa mbili kwa mbili, kwa kuwa kila mmoja alijipigia na Meteo akapiga mara mbili, kulia na kushoto. Suud alikataa kupiga. Karatasi ilikuwa bado imelala gotini kwake, nyeupe.

Irène alifika katikati ya uchaguzi. Alikuwa dada wa Bukavu, mwembamba, amefunga kitenge, faili kwapani. Akauruka mstari wa mkaa bila kujua kwamba ni mpaka, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

—Ba papa, bonjour. Mumesha kusinya?

Avoka akaanza kumweleza hali ya kisheria ya kijiwe. Irène alimsikiliza kwa adabu mpaka kwenye sentimita arobaini, kisha akasema kwamba yeye hajui kupima mitaa. Yeye ana swali moja tu la fomu, wanaloulizwa watu wa kila mtaa.

—Hapa kwenu mugonjwa anafikaka hospitali namna gani?

Ambrayaji akatabasamu. Hilo lilikuwa swali la kumaliza ubishi.

—Kwa gari, dada. Hapa tuko na gereji arobaini. Hakuna mutaa wenye magari kama sisi.

Irène akaandika.

—Wa mwisho kubebwa alikuwa nani?

Suud ndiye aliyejibu.

—Muke wangu.

—Pole sana, papa. Alibebwa kwa gari?

—Kwa gari, ndiyo. Tulilisukuma.

Akamweleza kwa maneno machache. Ilikuwa Januari ya mwaka jana, nchi jirani zikiwa zimefunga mipaka, na petroli ilikuwa imekwisha mjini. Saa tatu asubuhi Nura alishikwa na tumbo. Nesi wa zahanati akasema ni kupasuliwa, na upesi. Walimlaza kwenye Peugeot, Ambrayaji akashika usukani, watu kumi na mmoja wakasukuma. Gari likizimika Buyenzi, apitaye huweka bega bila kuuliza. Kwa hiyo njiani waliongezeka, wakafika karibu thelathini, wengine wakiimba, wakidhani ni bwana harusi kazimikiwa. Nura aliinua kichwa akasema wanasukuma bila mpangilio. Walitumia saa moja na dakika hamsini. Daktari alisema wamechelewa kama nusu saa.

Meteo alikuwa akitazama miguu yake. Irène hakuandika. Alikuwa mgeni, na aliuliza kama mgeni, bila ubaya wowote.

—Gereji arobaini, na apakupatikana hata lita moja?

Mama Mwanne akainua birika, akaliweka tena. Ambrayaji alikunja utepe wa kupimia, polepole, mpaka ukaisha.

Suud hakuwatazama. Siku ya tatu ya matanga, baada ya khitma, wazee walihitaji kurudishwa makwao, na magari matano yaliwashwa. Aliyasikia akiwa ndani, moja baada ya jingine, akayahesabu. Hakuwahi kuuliza yalikunywa nini, kwa sababu watu hawa ndio walioweka mabega yao, na baada ya kuuliza asingekuwa na mahali pa kunywea kahawa. Alitaka kwenda kusukuma kitu kisicho na tangi. Hiyo ndiyo sababu yake, yote, na fomu haikuwa na nafasi yake.

Avoka akanyoosha mkono, akaichukua karatasi kutoka gotini kwa Suud, akatia sahihi. Penye nafasi ya jina la mtaa aliandika Buyenzi. Meteo akatia yake. Ambrayaji alikuwa wa mwisho, na kidole chake kiliacha alama ya grisi pembeni. Irène akaiweka karatasi kwenye faili, akaaga. Mama Mwanne akatangaza kwamba kahawa imekwisha, na haikuwa imekwisha.

Asubuhi, baada ya alfajiri, Suud alifunga duka, akatundika begi begani, akatoka kuomba radhi. Msafiri wa Buyenzi haondoki bila kupita kwa majirani na kuwaambia wamsamehe alipowakosea, maana hajui kama atarudi. Alianza kwa Muadh, Ambrayaji wao.

Muadh alifungua mlango akiwa na shuka kiunoni.

—Nimekuja kuomba radhi, jirani.

Jibu lake linajulikana, hata watoto wanalijua. Muadh hakulitoa. Alishika fremu ya mlango, akasema kwa sauti ya chini:

—Zilikuwa lita mbili, Mwalimu. Chini ya kitanda. Niliziweka kwa ajili ya Zubeda. Siku zake za kuzaa zilikuwa zimefika.

Suud alifanya hesabu, kwa kuwa hakuweza kutoifanya. Lita mbili, kwa Peugeot, ni kilomita ishirini. Hospitali ni kilomita nne kwenda, nne kurudi. Zingebaki kumi na mbili. Mtoto wa Muadh na Zubeda mkewe alizaliwa siku tisa baadaye, wa kike, na siku hiyo mvua ilikuwa kubwa.

—Ameamka? akauliza.

—Nani?

—Mtoto.

—Bado amelala.

—Msimwamshe.

Kisha Suud akalirudia ombi lake neno kwa neno, na safari hii Muadh akajibu kwamba amempa, akaomba radhi na yeye. Suud akatazama barabara yote ilivyonyooka, gereji zikiwa bado zimefungwa, akasema amempa radhi. Akampa na mkono. Halafu akavuka barabara, akabisha mlango wa fundi cherehani, Bahizire.