Wasifu wa Fundi Kitasa, Aliyeishtaki Serikali kwa Sababu ya Bima

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kitasa mpaka mkasahau kwamba wazazi walimpa jina, alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga karibu na stesheni ya treni. Alikuwa mtoto wa tatu wa mpaka rangi na mshona magodoro. Mama yake alisimulia kwamba alitoka tumboni amekunja ngumi, na mkunga alipojaribu kuzikunjua ili amwoshe, zilikataa siku tisa. Siku ya kumi alizikunjua mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamsumbua. Anayebisha akamuulize mkunga, kama atampata.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1966. Hakuwahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka wake wa mwisho mwalimu mkuu alijifungia ofisini na ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa. Maseremala wawili walishindwa. Marehemu alifungua kwa spoku ya baiskeli, kwa muda wa kupiga chafya moja. Mwalimu mkuu akatoka, akamshukuru, kisha akamchapa fimbo sita ili aseme amejifunzia wapi. Hakusema.

Mwaka 1968 alianza kujifunza kazi kwa fundi mzee wa makufuli, na tarehe 2 Septemba 1974 alifungua kibanda chake mwenyewe, upana wa hatua tatu, kati ya duka la viatu na mpiga picha za pasipoti. Hapo alikaa miaka arobaini na tisa. Kufuli lisilo na ufunguo alilishughulikia hivi: alichukua ufunguo mbichi, usiochongwa meno, akaupaka masizi ya mshumaa, akauchomeka, akautikisa kidogo, akautoa. Pale masizi yalipofutika ndipo kufuli limegusa, na hapo ndipo alipopiga tupa. Kwa sababu hiyo vidole vyake vilikuwa vyeusi kutwa, na kikombe chake cha chai hakuna mwingine aliyekigusa.

Aliwahi kutengeneza kufuli la ghala moja ambalo wezi walihangaika nalo hadi alfajiri, wakashindwa, wakaondoka na ukuta. Asubuhi mwenye ghala alikuta mlango umesimama peke yake, umefungwa vizuri. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa nyingine. Mteja akija na kufuli bovu linalotengenezeka, hakumuuzia jipya. Alimuuliza kwanza anataka nini, akanyamaza, akasubiri jibu.

Alioa Jumamosi, tarehe 20 Agosti 1977. Mkewe alikuwa mfuaji na mpiga pasi. Walifahamiana baada ya binti huyo kupoteza ufunguo wa chumba chake mara tano ndani ya mwezi mmoja, na kila mara marehemu alimchongea mwingine bila kulalamika. Siku alipokwenda kuposa ndipo alipogundua kwamba chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia. Walijaliwa watoto wawili.

Mkewe alifua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na miwili, na mtu anayefua mashuka hayo anajua jinsi yanavyorudi. Mwezi Juni 2015, wakati bima ya afya ilipokuwa bado hiari ya mtu, alimwomba mumewe wajiandikishe. Marehemu alisema hapana. Akamwomba tena, akasema hapana, tena kwa upole, ndiyo maana mkewe alikasirika zaidi. Siku ya tatu alimpelekea chakula cha mchana kibandani, akakuta amelala juu ya meza ya kazi, mkono unaning'inia, kidole gumba kimeiva masizi. Fomu alikuwa nayo kwenye kikapu. Alikichukua kile kidole akakibonyeza kwenye karatasi kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango wa tajiri. Marehemu hakuamka. Akawa mwanachama, na michango mkewe akailipa kimyakimya kwa pesa za pasi.

Mwaka 2019 ikatungwa sheria kwamba kila raia anunue bima ya afya, atake asitake, na asiyenunua atozwe faini. Marehemu alinunua kitabu kidogo cha katiba, akakifunga nailoni kisichafuke, akamsomea mkewe ibara kwa ibara huku mkewe akipiga pasi. Akifika mwisho anauliza, "Umesikia mahali pameandikwa raia alazimishwe kununua kitu?" Mkewe anajibu, "Soma tena pale kwenye uhai," kwa kuwa katiba hiyohiyo ilisema kila mtu ana haki ya kuishi. Walibishana hivyo mwaka mzima. Mashati mengi ya watu yaliungua.

Kesi yake dhidi ya serikali ilisikilizwa Jumatano, tarehe 6 Oktoba 2021. Alivaa koti la harusi. Alimwambia jaji, "Mheshimiwa, mimi nauza makufuli. Kufuli ni kitu kizuri, linamlinda mtu, na asiye nalo akiibiwa anawasumbua majirani kwa kelele. Lakini sijawahi kumshika mtu shati nikamwambia nunua. Kodi serikali ichukue, kodi nalipa. Ila kununua kwa lazima siyo kununua. Leo bima, kesho mtawaamuru wote wanunue makufuli yangu, na hapo pia nitakuja kukataa."

Watu walicheka, jaji naye akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole. Alisema, "Mzee wangu, usiponunua kufuli unaibiwa wewe. Ukianguka barabarani, hatutakuacha. Utabebwa, utatibiwa, na watakaokuwa wamekubeba ni wale waliochangia."

"Basi mniache palepale nitakapoanguka," marehemu akasema.

"Hatuwezi, mzee. Na hata hivyo," akafungua faili, "wewe ni mmoja wa waliochangia. Umo tangu Juni 2015. Dole gumba lako hili hapa."

Karatasi ikapelekwa kwake. Aliitazama kwa muda mfupi tu. Wino haufanani na masizi, na masizi yake aliyajua. Akageuka taratibu, akamtafuta mkewe aliyekaa benchi la tatu. Mkewe amewahi kumsimulia kila mtu kwamba alimwona simba uso kwa uso akiwa msichana na hakutetemeka. Siku ile alitetemeka.

Jaji aliitupa kesi. Alisema mlalamikaji hajalazimishwa, kwa kuwa alikuwa ndani kabla ya sheria, hivyo mahakama haina sababu ya kujibu kama serikali inaruhusiwa kuwalazimisha wengine. Marehemu alirudi nyumbani kwa miguu, mbele, mkewe hatua ishirini nyuma. Kwa siku kumi na nne aliongea na paka tu. Siku ya kumi na tano alisema, "Yameisha, mama watoto." Mkewe akaamini. Alipika, akaimba, akaamini.

Kumbe hayakuisha. Wakili aliyemwandikia kesi alikuwa amemwambia marehemu kwamba akitaka kurudi mahakamani, lazima awe nje ya bima kwelikweli. Mwezi Machi 2022 alikwenda ofisi za bima, akaapa kwamba dole lile halikutolewa kwa ridhaa yake, akafutwa kwenye orodha. Alimwambia mkewe kwamba sasa michango atailipa yeye, kumbe kila mwaka alilipa faini, na kadi yake ya zamani, ambayo mkewe aliificha hadi siku ya kesi, akaitundika kwenye msumari karibu na mlango ili mkewe aione na atulie. Aliyemsindikiza siku ya kujitoa ni binti yake. Ndiye anayewasomea wasifu huu. Mjane ameagiza asiruke mstari wowote. Mjane hakwenda shule, lakini mistari anajua kuihesabu.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo. Mkewe alimwona akijikunja, akamuuliza, akaambiwa ni gesi. Alimwona anaacha chakula, akaambiwa ni joto. Alificha miezi saba, kwa sababu alijua wangefika hospitali na dirisha la mapokezi lingemsema. Tarehe 17 Septemba alianguka kibandani, na mpiga picha wa jirani akambeba.

Pale dirishani mkewe alitoa kadi. Dada wa mapokezi akatazama kompyuta.

"Mama, huyu hayumo."

"Angalia vizuri, mwanangu. Yumo. Nilimtia mwenyewe."

"Alijitoa, mama. Machi mwaka jana. Sahihi yake hii hapa, ya kalamu."

Alilazwa hivyohivyo, ndugu na majirani wakachangia, akafanyiwa upasuaji. Daktari alisema uvimbe ulikuwa umeshakomaa, na kwamba miezi mitano kabla ungekuwa jambo jingine. Mkewe alimsubiri azinduke, akasogeza kiti.

"Umeniibia ugonjwa wako," akamwambia.

"Wewe uliniibia kidole."

"Nilikiazima. Nilikirudisha palepale."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia mshono. Kisha akasema, "Mama watoto, sikutaka kufa. Nilitaka niulizwe. Serikali haikuniuliza, na wewe hukuniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili. Ukasema hapana."

"Basi hilo ndilo lilikuwa jibu."

"Na ulipojitoa, ukanitundikia kadi ya bure msumarini, mimi uliniuliza?"

Aliushika mkono wake, lakini hakujibu, na hilo mjane anaomba liandikwe kama lilivyokuwa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Kesi yake ya pili ilipangwa kusikilizwa tarehe 28 mwezi huuhuu. Wakili ameeleza kwamba mlalamikaji akifa kesi hii haiendelei, kwa hiyo hata safari hii hakuna jaji atakayesema kama serikali inaweza kumlazimisha raia. Mjane ana msimamo wake, marehemu alikuwa na wake, na nyumba ilikuwa ndogo.

Ameacha mjane, binti mmoja ambaye amesamehewa nusu, mwana mmoja ambaye hakujua lolote kama kawaida yake, wajukuu wanne, na wateja wasiohesabika ambao milango yao bado inafungwa vizuri.

Mjane anamtakia apumzike kwa amani. Jana jioni, kabla jeneza halijafunikwa, aliinama akamuuliza kama anakubali kupumzika. Alisubiri jibu kwa muda mrefu, kama marehemu mwenyewe alivyokuwa akiwasubiri wateja. Hakusema hapana.