Lemuel Gaskins, Aliyewahi Mapigo Manne

Marehemu kaka yangu, Lemuel Gaskins, alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Newark, mtaa wa Prince, mtoto wa kwanza wa Hosea na Zipporah Gaskins. Mkunga alipofika alimkuta ameshazaliwa. Mama alisema mtoto huyo hakujua kusubiri, na mimi Wilhelmina, mdogo wake, niliyekua nikimkimbilia nyuma, nathibitisha.

Alimaliza sekondari mwaka 1956. Wakati huo alikuwa mmoja wa vijana watano walioimba kwenye ngazi za jengo letu, maana pale sauti ilivuma vizuri. Yeye alikuwa besi, mwenye sauti nzito ya chini. Alimtungia binti wa ghorofa ya pili, Ardelia Pettway, wimbo uitwao "Ardelia, Fungua Dirisha", na tarehe 14 Juni wakaenda kuurekodi. Walikubaliana waingie wote watano kwa pamoja. Lemuel akawahi mapigo manne. Akaita "Ardelia" peke yake, kukawa kimya, ndipo wenzake wakamdaka. Mwenye studio akasema inatosha, santuri ikatoka hivyohivyo.

Alifunga ndoa na Ardelia tarehe 5 Oktoba 1957. Keki haijakatwa, bwana harusi yuko nje anawasha gari. Bibi harusi alimfuata na kisu cha keki mkononi, wageni wakapisha njia. Alikuwa mume mwema, ila kutulia kulimshinda.

Aliendesha basi kuanzia 1961 hadi 1992. Abiria wa Clinton Avenue walilijua basi lake kwa mgongo. Barua zote za onyo alizopata zilikuwa za kuwahi.

Lile kosa la kuwahi studioni lilimtesa maisha yake yote. Mwaka 1958 vijana wa kizungu wa Ohio waliuimba upya wimbo wake, wakaongeza fidla, kosa wakaliacha palepale. Mwaka 1967 ukaimbwa Jamaika, kosa lipo. Mwaka 1974 mwanamama mmoja wa Tennessee akaondoa Ardelia akaweka Alonzo, lakini naye akaita mapema, peke yake. Redio ikiupiga, kaka alisimama, akahesabu kwa mguu, kisha akapiga simu.

"We mtangazaji, huo si wimbo, hiyo ni ajali!"

"Kwani wewe ni nani, mzee?"

"Mimi ndiye ajali yenyewe!"

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2017. Daktari alimwambia apumzike, akauliza mpaka saa ngapi. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 12 Februari 2019, akiwa na miaka themanini.

Ameacha mjane, Ardelia, watoto wawili, Hosea na Lucinda, wajukuu watano, mimi dada yake, na wasia mmoja ulioninyima raha.

"Minnie," aliniambia, "siku ya kunizika ule wimbo uimbwe sawasawa. Wote pamoja. Mara moja tu hapa duniani." Nikamwapia.

Juzi kwenye mazoezi kwaya iliuimba sawasawa kabisa. Wifi yangu Ardelia akanyanyua mkono.

"Hebu acheni. Huyo mnayemwita ni nani?"

"Si wewe, wifi?" nikamuuliza.

"Wala si mimi. Wifi, ule mwaka nilikuwa nimeshavaa pete ya mwanamume mwingine. Nikausikia wimbo redioni, nipo saluni, nywele nusu. Wangeingia wote watano ningesema wimbo tu huo, vijana wanaimba. Lakini alitoka peke yake. Nikasema hapa naitwa mimi. Nikavua pete ya watu palepale."

"Sasa mbona hukumwambia miaka yote hii? Mtu kateseka!"

"Nimeanza mara ngapi! Nikifika tu pale pa saluni, nasikia mlango huo, keshatoka."

Najua wasia wa marehemu hauvunjwi. Nimehangaika na huu siku mbili, maana niliapa kwa mdomo wangu. Leo nauvunja mbele yenu nyote, na lawama ziwe zangu. Ardelia atasimama asimulie yote, kisha besi wa kwaya atawahi mapigo manne, aite peke yake.

Kaka, leo huendi popote. Msikilize mkeo mpaka mwisho, kisha upumzike kwa amani.